Gari ni lako, hesabu ni zako: kodi ya dereva wa lori Pemba

Dereva anayeendesha gari la tajiri anapeleka hesabu jioni, anabaki na chake, na habari za kodi anamwachia mwenyewe. Siku anapojikusanya akanunua kenta yake, hata iwe kuukuu iliyoshushwa kutoka Japani na kilomita zisizosemeka, mambo yanageuka. Tajiri sasa ni yeye. Raha ya kutopigiwa simu kuulizwa gari liko wapi ataizoea haraka. Kinachochelewa kumwingia akilini ni kwamba bado kuna wanaotaka hesabu. Hao hawaulizi kila jioni. Wanauliza mara moja, na wanauliza ya mwaka mzima.

Madereva wengi wa Chake, Wete na Mkoani wanaobeba mchanga, matofali, saruji kutoka bandarini na magunia ya karafuu wakati wa msimu ni wa aina hii: gari moja, utingo mmoja, ofisi ni kiti cha mbele. Si kweli kwamba hawalipi. Wanalipa, tena huku na huku, lakini ukimuuliza mtu amelipa kodi gani atakwambia "nimeshalipa mapato", na akikuonyesha karatasi unakuta ni leseni ya njia. Mwingine ana risiti ya TRA anayoamini ni ya usajili wa gari. Mkanganyiko huu una sababu, na si ujinga wa mtu.

Milango miwili

Zanzibar mlipakodi mmoja anakabiliana na mamlaka mbili. Ya kwanza ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi Julai 1996. Hii inashughulikia kodi za Muungano, na kwa dereva wetu maana yake ni moja tu: kodi ya mapato. Ushuru wa forodha nao ni wa huko, lakini huo aliumaliza siku gari lilipotoka bandarini. Ya pili ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo hadi 2022 ilikuwa Bodi ya Mapato, ile ZRB ambayo wazee bado wanaitaja kwa jina hilo. ZRA inakusanya yale yasiyo ya Muungano: VAT ya Zanzibar, ushuru wa stempu, na takriban kila kinachogusa chombo chenyewe, kuanzia namba ya usajili inayoanza na Z hadi leseni ya njia na leseni ya udereva.

Mgawanyo huu haukubuniwa na maofisa wa leo. Kodi ya mapato imo katika Hati za Muungano za 1964, na katika Katiba ya 1977 ni jambo la 10 kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Ndiyo maana Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamgusa dereva wa Micheweni kama inavyomgusa wa Mbeya, ilhali sheria ya VAT ya Bara haimhusu hata kidogo. Zanzibar ina yake tangu 1998.

Na hapa kuna neno la barazani linalohitaji kujibiwa. Utasikia: "TRA ya nini? Fedha zinavuka maji." Hazivuki. Kodi ambazo TRA inakusanya Zanzibar zinabaki Zanzibar, zinaingia mfuko wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, SMZ. Mtu anaweza kuwa na malalamiko yake kuhusu Muungano, na barza ni mahali pake, lakini kodi ya kenta ya Wete haijengi barabara ya Dodoma.

Jambo la kukumbuka kabla hatujaendelea: risiti ya mlango mmoja haikuvushi mlango wa pili. Leseni ya njia inasema gari linaruhusiwa kutembea barabarani. Haisemi lolote kuhusu pesa ambazo gari limeingiza.

Mapato gani hasa yanatozwa?

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Jina lake ni kodi ya mapato, lakini serikali ina njia zaidi ya moja ya kupima mapato hayo, na njia utakayowekwa ndiyo inayoamua utalipa nini.

Kwa mtu binafsi mwenye biashara ndogo, sheria ina njia ya mkato. Badala ya kuhesabu faida, inatazama mauzo, yaani fedha zote zilizoingia kabla ya kutoa chochote, na kukupa kiwango kutoka kwenye jedwali. Ukomo wa njia hii uliwekwa mauzo ya shilingi 100 milioni kwa mwaka kuanzia 2019. Jedwali lilivyotoka mwaka huo, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kitu. Kuanzia hapo hadi milioni 7 kuna safu mbili: asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu kamili analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Chukua mtu mwenye bajaji ya mizigo aliyeingiza milioni 5. Bila daftari, 100,000. Na daftari, asilimia 3 ya milioni moja, yaani 30,000. Kazi ni ile ile, barabara ni ile ile. Sabini elfu zimeondoka kwa sababu hakuna kilichoandikwa.

Kisha 2022 wasafirishaji binafsi wa abiria na mizigo wakawekewa jedwali lao, ambalo halitazami hata mauzo. Linatazama chombo: ni cha aina gani, kinabeba kiasi gani. Bodaboda ina kiwango chake, teksi chake, na gari la mizigo linapangwa kwa tani. Unalipa kwa gari, basi. Viwango vyenyewe hurekebishwa na Sheria ya Fedha inayosomwa Dodoma kila Juni na kuanza Julai mosi, kwa hiyo chukua jedwali la mwaka unaolipia kutoka TRA yenyewe. Picha inayozunguka kwenye simu inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita.

Njia ya tatu ndiyo ndefu: kutengeneza hesabu kamili, kuonyesha kilichoingia na kilichotoka, na kutozwa kwa faida. Aliyevuka ukomo wa mauzo hana hiari, lazima apite hapa. Aliye chini ya ukomo anaweza kuichagua mwenyewe, kwa sababu sheria inamruhusu kusema hataki ule mkato.

Kuna watu ambao mkato haukuwekwa kwa ajili yao, na wengi hawajui. Masharti ya jedwali la mauzo ni kwamba kipato chote cha mtu kitokane na biashara iliyopo nchini. Mwalimu wa skuli mwenye mshahara wa serikali na kenta inayofanya kazi pembeni ana kipato cha aina mbili, kwa hiyo sharti hilo linamshinda. Na aliyesajili kampuni, hata yenye gari moja na yeye mwenyewe dereva, ametoka kabisa kwenye meza ya watu binafsi: kampuni inatozwa asilimia 30 ya faida, na inatakiwa iwe na hesabu zilizokaguliwa. Nimeona madereva wakishawishiwa kufungua kampuni ili wapate kazi za miradi ya ujenzi, kwa kuwa mradi unataka karatasi. Huenda ni sawa. Lakini waliowashawishi hawakuwaambia gharama ya mhasibu.

Mfano wa kenta moja

Tuchukue kenta ya tani 3 iliyonunuliwa kwa milioni 24, fedha taslimu, bila mkopo. Tarakimu hizi nimezipanga mimi ili hesabu ionekane.

Kwa mwaka limeingiza 38,400,000. Dizeli imekula 15,600,000. Utingo kalipwa 3,600,000. Matairi, oili, spea na fundi 5,400,000. Bima, leseni na vibali 900,000. Ukijumlisha, zimetoka 25,500,000, na mkononi zimebaki 12,900,000. Dereva mwenyewe akiulizwa gari linaingiza ngapi atasema milioni thelathini na nane, tena kwa fahari kidogo. Nyumbani hazikufika hata kumi na tatu.

Bado kuna kitu hakijahesabiwa. Gari lenyewe limechakaa, na sheria inakubali uchakavu huo kama gharama. Haikuachii useme mwenyewe limechakaa kiasi gani. Imepanga vyombo katika madaraja. Gari la mizigo lenye uwezo chini ya tani 7 limo daraja la kwanza, asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Malori mazito na matela yamo daraja la pili, asilimia 25. Kwa hiyo kenta yetu mwaka wa kwanza inapunguza milioni 9 (ndiyo asilimia 37.5 ya milioni 24), na thamani inabaki milioni 15. Mwaka wa pili ni asilimia 37.5 ya hizo 15, yaani 5,625,000. Wa tatu 3,515,625. Kila mwaka kinachopunguzwa kinakuwa kidogo zaidi.

Toa milioni 9 kwenye 12,900,000. Faida ya kutozwa kodi mwaka wa kwanza ni 3,900,000. Jedwali la mtu binafsi nalo linaanza na sehemu ya chini isiyotozwa kabisa, kisha viwango vinapanda hatua kwa hatua. Aliyeanza na 38,400,000 kichwani anaona sasa kwamba kodi inasimama juu ya kiasi kilicho kama moja ya kumi ya hapo.

Je, hii ina maana njia ndefu ni bora kila mara? Hapana. Mwaka wa nne au wa tano uchakavu umebaki kidogo, gari bado linafanya kazi vizuri, faida ya karatasini imepanda. Hapo kiwango cha jedwali la wasafirishaji kinaweza kuwa nafuu zaidi, na kinakuondolea mhasibu. Mwaka ambao injini imekufa na gari limekaa juu ya mawe miezi minne, kiwango cha kulipa kwa gari hakijui kwamba gari lilikaa juu ya mawe. Mwaka huo njia ya faida inakuokoa, na ikiwa umepata hasara, hasara hiyo huenda mbele kupunguza faida ya miaka inayofuata. Msimamo wangu ni kwamba kila dereva afanye hesabu zote mbili kabla ya Machi. Asiye na daftari hawezi kufanya hata moja, na ndiye anayeishia kukubali lolote analoandikiwa.

Kinachokubalika na kisichokubalika

Kanuni ni kwamba gharama iwe imetumika katika kuzalisha kipato hicho. Dizeli, sawa. Ujira wa utingo na wapakizi, sawa. Matengenezo, sawa. Faini ya trafiki kwa kuzidisha mzigo pale njiani Chake–Wete haikubaliki hata kama umeilipa ukiwa kazini: sheria inataja faini na adhabu za kuvunja sheria kuwa matumizi yasiyopunguzwa, pamoja na rushwa. Ile "ya soda" uliyompa mtu basi ni hasara yako peke yako. Ada ya skuli, mchele wa nyumbani, mchango wa harusi ya binamu, hivyo ni maisha yako, si gharama za gari, ingawa vyote vimetoka katika mfuko ule ule wa shati.

Mkopo unawakosesha wengi. Mtu analipa benki laki saba kila mwezi na anaziandika zote kuwa gharama. Zile zinazorudisha fedha uliyokopa si gharama. Ni deni la gari, na gari tayari linapunguzwa kupitia uchakavu. Ukiandika vyote viwili umelihesabu gari mara mbili, na ofisa ataliona hilo kabla hajamaliza chai yake. Gharama ya mkopo, yaani kile unacholipa juu ya ulichokopa, ndiyo inayohesabiwa. Omba benki ikupe jedwali la marejesho linalotenganisha viwili hivyo.

Ushahidi sasa. Zanzibar risiti za kielektroniki zinatoka kwenye mfumo wa VFMS, na kituo cha mafuta kinatakiwa kukupa moja kila unapojaza. Wengi hawaichukui kwa sababu foleni ni ndefu na jua ni kali. Ukijumlisha dizeli ya mwaka mzima, risiti hizo ndizo milioni 15 za mfano wetu. Hakuna gharama nyingine inayozikaribia. Bei yenyewe inatangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti maji na nishati Zanzibar, kwa hiyo ofisa anaweza kulinganisha lita na shilingi zako na bei ya mwezi ule, na aliyetunga tarakimu atajulikana. Karatasi ya risiti inafifia ikikaa kwenye dashibodi. Ipige picha siku hiyo hiyo, kisha uiweke ndani.

Kuna malipo yasiyo na risiti ya mashine. Mzee wa pancha pembeni mwa njia hana mashine na hatakuwa nayo. Utingo analipwa mkono kwa mkono. Kwa hao andika kikaratasi: tarehe, jina, kazi, kiasi, na asaini. Utingo anayelipwa kupitia simu anaacha alama yake kwenye taarifa ya simu, nayo inasaidia, ila peke yake haisemi fedha ilikuwa ya nini.

Daftari halihitaji elimu ya uhasibu. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha, hata wa daftari la skuli:

"Jumanne. Saruji Mkoani–Chake, tripu 1, 120,000. Matofali Wawi–Gombani, tripu 2, 60,000. Dizeli 55,000, risiti ipo. Pancha 5,000, kasaini. Utingo 15,000, kasaini. Chakula changu 6,000, si ya gari."

Huo mstari wa mwisho ndio unaoonyesha kwamba mwenye daftari anajua anachofanya. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka mitano, na zinaweza kuwa kwa Kiswahili. Usitupe daftari la juzi kwa sababu limejaa.

Dirishani

Mtu asiye na daftari anapofika dirishani, mazungumzo huwa mafupi, yanakwenda hivi:

"Baba, gari liliingiza kiasi gani mwaka jana?"

"Mwanangu, riziki haina kipimo. We andika unavyoona."

"Siwezi kuandika ninavyoona. Kwa siku unapata ngapi?"

"Siku nyengine laki, siku nyengine sipati."

"Basi tuseme laki."

Na hapo imekwisha. Laki kwa siku, mara siku za mwaka, na zile siku ambazo hakupata zimeingia kwenye hesabu kama zilizopatikana. Binti yule wa dirishani hakumwonea. Aliambiwa aandike anavyoona, naye akaandika. Angekuwa na daftari, mzee angesema: siku za kazi 214, jumla ni hii, mwezi wa Ramadhani gari lilifanya kazi nusu, masika mchanga haukupatikana. Ofisa hana cha kubishana na ukurasa wenye tarehe isipokuwa awe na ushahidi wake.

Hapo kabla ya yote unatakiwa uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure na inaanzia kwenye namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa. Angalia tu kwamba ni ya biashara. Baadhi ya watu walichukua TIN isiyo ya biashara kwa shughuli nyengine, wakadhani wameshamaliza, kumbe kwenye mfumo wanaonekana hawana biashara yoyote huku gari lao linaonekana njiani kila siku.

Kalenda isiyojua msimu

Anayepita njia ya faida kwa mwaka wa kawaida, Januari hadi Desemba, anawasilisha makadirio yake ya kodi ya mwaka kufikia 31 Machi na kulipa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kisha ritani kamili ya mwaka, yaani taarifa ya hesabu zako kwa TRA, inakuja miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani 30 Juni. Ukitazama tarehe hizo kwa macho ya Pemba, ya Juni ndiyo mbaya. Mvua za masika zimetoka kukatika, ujenzi ulilala, njia za shamba zilikuwa tope, na mfuko ni mtupu. Juu yake awamu ya pili na ritani ya mwaka uliopita vinakutana siku moja. Desemba kwa aliyebeba karafuu ni nyepesi zaidi. Anayejua hili anatenga fungu la Juni tangu Januari, hata kwa kuweka kidogo kidogo kwenye simu, na asiliguse.

Makadirio si kiapo. Ukiona mwaka umeharibika, gari limelala tangu Agosti, unaweza kuwasilisha makadirio mapya kabla mwaka haujaisha na awamu zilizobaki zikashuka. Wengi hawalifanyi hili. Wanaacha kulipa kimya kimya, na kimya ndicho kinachogharimu, kwa sababu adhabu ya kuchelewa kuwasilisha hukua kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na riba ya deni inaendelea upande wake. Gari likilala mwaka mzima, bado ritani inatakiwa, hata ikiwa tupu.

Malipo yenyewe siku hizi ni ya namba ya malipo: unaipata kwenye mfumo au dirishani, unalipa benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha taslimu akakulipie. Na ukisoma namba, soma pia jina la mamlaka linalojitokeza kabla hujabonyeza, maana namba ya ZRA na ya TRA kwenye kioo cha simu zinafanana sana.

Mlango wa pili, kwa ufupi

Upande wa ZRA mambo ni mengi kwa idadi lakini mepesi kueleweka. Leseni ya njia kila mwaka, leseni ya udereva, na kodi zinazohusu mauzo ya huduma. Mwenye mauzo yaliyofikia kiwango cha usajili wa VAT anajisajili, anatoza kiwango cha Zanzibar, ambacho cha kawaida ni asilimia 15 wakati Bara ni 18, na kuwasilisha ritani kila mwezi. Ambaye hajafikia huangukia kwenye ushuru wa stempu unaohesabiwa kwa mauzo. Tazama neno hilo tena, mauzo: daftari lile lile linatumika na huku. Ritani za ZRA zinapitia mfumo wake wa ZIDRAS. Leseni ya biashara ni ya baraza la mji au halmashauri, na jina la biashara, kama unalitaka, linasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar. Hivyo viwili si kodi ya mapato pia.

Hatari iliyopo ni kupeleka tarakimu tofauti. Mtu anaiambia ZRA ameuza milioni 20 ili ushuru ushuke, kisha anapeleka benki hesabu ya milioni 45 ili apate mkopo wa gari la pili, na TRA ana milioni 12. Karatasi tatu za mtu mmoja zikikutana mezani, inayoaminika ni ile yenye tarakimu kubwa.

Ukikadiriwa usivyokubali

Uamuzi wa kodi ukikufikia na ukaona si wa haki, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Si malalamiko ya mdomo kwa ofisa unayejuana naye. Ni barua yenye sababu na vielelezo, na siku zinahesabiwa tangu ulipoupokea uamuzi. Ili pingamizi lipokelewe unatakiwa kulipa kwanza kile usichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Watu hukasirika wakisikia hivyo, na nawaelewa. Lakini mwenye daftari la mwaka mzima na picha za risiti ana cha kuambatanisha. Asiyenacho ataandika kwamba maisha ni magumu, jambo ambalo ofisa analijua tayari.

Na siku ya kuuza gari, kuna mambo mawili. Fedha ya mauzo inatolewa kwenye thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Ikiwa gari karatasini limebaki milioni 9 na umeliuza milioni 14, na huna jingine, zile milioni 5 za juu zinarudi kuwa kipato cha mwaka huo, kwa kuwa uchakavu uliopunguziwa ulizidi uchakavu wa kweli. Jambo la pili ni kubadilisha jina la mmiliki ZRA na kuijulisha TRA siku hizo hizo. Gari lililouzwa kwa kupeana funguo tu linabaki lako kwenye mifumo yote miwili, na aliyelinunua anaweza kulizungusha Konde hadi Kangani miaka mitatu huku makadirio yakija kwa jina lako.